Ng'arisha Bondeni Yafadhili Utafiti

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Joto kali. Siku njema kwa biashara. Halmashauri imetangaza kwamba mwisho wa mwezi itachagua kampuni ya kuzoa taka za mji wa Kyela. Kampuni moja tu! Tunaoitaka kazi ni wawili. Mimi Lazaro, mkurugenzi wa Ng'arisha Bondeni, mwenye trekta na tela nililonunua ushirika ulipouza mali zake. Na Nelson, mwenye mikokoteni miwili ya ng'ombe na tai moja. Tai anaivaa hata akiwa juu ya mkokoteni. Watu wanaiona tai, ng'ombe hawawaoni.

Mchana Mungu akanikumbuka. Kwenye basi la Mbeya akashuka Dada Kisa, mtafiti kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Anapima maji ya visima, kuanzia hapa mjini hadi kando ya ziwa. Chuo kimempa chupa, madaftari na barua yenye mhuri. Usafiri hakikumpa. Hapo hapo nikajitangaza mfadhili. Trekta langu limbebe, stoo yangu iwe maabara, mke wangu Hosiana ampikie. Nilichoomba ni kidogo: jina la kampuni liandikwe mwanzoni mwa kitabu chake. Akafurahi sana, akasema katika wilaya zote alizopita hakuna kampuni ya taka iliyompa hata kiti cha kukalia. Tuone sasa tai itafanya nini mbele ya kitabu cha chuo kikuu!

Nimerudi nyumbani nikakuta kandambili ya bluu mlangoni. Mguu wa kushoto. Imeoshwa ikatakata. Naijua, kamba yake imeshonwa kwa waya. Niliitupa wiki iliyopita pamoja na taka za soko. Ni mbwa tu, bila shaka. Ingawa mbwa haoshi.

Jumanne, 5 Novemba

Shajara haisomwi na mtu, kwa hiyo naandika wazi. Taka zangu nazimwaga Bujonde, kwenye kile kichaka walikozikwa machifu wa zamani. Uchaguzi wa kitaalamu. Hakuna anayelima pale, hakuna anayekata hata fito, mbuzi wenyewe wanapita mbali. Nafasi yote ile imekaa bure! Miaka miwili nimemwaga na hakuna aliyenigombeza. Wananitazama tu kutoka kwenye majaruba ya mpunga, wananong'onezana, wanaendelea kulima.

Humo humo nilipeleka yale mapipa kumi na mawili. Ghala la ushirika lilipouzwa, mnunuzi alikuta dawa ya wadudu ya mashambani iliyopita muda wake, inanuka mpaka macho yanatoa machozi. Akaniambia niiondoe, na nisimwambie nimeipeleka wapi. Niliiondoa na sikumwambia. Tangu masika sijayaona mapipa yenyewe; nadhani taka zimeyafunika.

Leo Dada Kisa ametandaza ramani mezani. Kisima cha nne katika orodha yake ni cha Bujonde, hatua hamsini kutoka kichakani. Nimepaliwa na chai. Nikamwambia maji ya kule ni machache, barabara mbaya, na watu wakali. Akasema huko ndiko utafiti unakotakiwa, na asante kwa trekta.

Mlangoni leo: kandambili ya pili. Mguu wa kulia.

Jumatano, 6 Novemba

Siku ya kujaza chupa. Tulianzia Ikolo kwa mama yangu, Mama Marta. Kisima chake kinasifika ukanda mzima. Maharusi wanachotewa maji pale! Mama akatusalimu "mugonile", akamwekea Dada Kisa ndizi za kuchemsha na parachichi, akaanza kulalamikia kuku. Wanne wamekufa tangu Jumapili. Hawakuugua. Amewakuta tu wamelala kandokando ya kisima, wote wameinamisha vichwa upande mmoja. Lakini maji yenyewe, alisema, siku hizi yamekuwa matamu. Nikamwambia Dada Kisa aliandike hilo neno: matamu.

Mama akauliza pia ni lini nitauondoa mzigo wangu nyuma ya migomba. Mzigo gani? Mama anazeeka. Nikamwambia nitaleta trekta.

Bujonde tulimkuta Hezroni, anayekitunza kile kichaka, amesimama kisimani na jembe begani. Hatujawahi kuzidisha salamu, mimi na yeye. Dada Kisa akamweleza kwamba kampuni yangu ndiyo inayofadhili utafiti wa maji safi. Hezroni akacheka. Mabega yalitikisika, sauti haikutoka. Alicheka hivyo mpaka chupa ikajaa. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa kama vitu vyangu vyote vimeshanifikia. Nikasema ndiyo, ndaga, asante. Sikuelewa anauliza nini, lakini mtu aliyekuzidi umri humbishii mbele ya mgeni.

Mlangoni: mwavuli usio na kitambaa, umesimamishwa wima. Nani anayesimamisha mwavuli wima bila kuuegemeza?

Alhamisi, 7 Novemba

Dada Kisa ameeleza jinsi atakavyopima. Hakuna mashine. Ananunua vifaranga vya perege kwa wavuvi wa Itungi, anaweka kumi kumi katika kila chupa kubwa ya kioo, chupa moja kwa kila kisima, kisha anangoja siku nne. Samaki, alisema, hawapokei rushwa. Nilicheka. Baadaye sikucheka tena.

Maana maji ya Bujonde yataua samaki mchana kweupe, mapipa yatagunduliwa, na Nelson atapewa mji mzima. Nikakaa nikafikiri. Mpango ukaja wenyewe! Dada Kisa alipokwenda Itungi, nikapanda baiskeli hadi Ikolo na kurudi juani, nikaja na dumu la maji ya mama. Maji ya kwanza kwa ubora Kyela nzima. Chupa iliyoandikwa BUJONDE nikaimwaga, nikaijaza upya. Sasa Bujonde itasoma sawasawa na Ikolo. Safi na safi. Sina elimu ya chuo kikuu, lakini akili ninayo.

Mama alipokuwa akinichotea, mikono ilimtetemeka, akamwaga nusu ya kata. Mate yalimtoka kidogo pembeni mwa mdomo, akayafuta na khanga. Nikamwambia ni joto. Akasema labda, ila macho nayo yanaona ukungu.

Tatizo dogo: yale maji ya Bujonde niliyamwaga nyuma ya nyumba huku nimeziba pua. Nikageuka nikamkuta paka wa Hosiana anayalamba. Aliyamaliza yote. Nimeshaandaa maneno ya kumpa Hosiana pole.

Ijumaa, 8 Novemba

Paka mzima. Amekula, amelala, amekamata panya. Sumu inayochelewa, nadhani.

Mimi ndiye siko sawa. Nasikia baridi. Kyela, mwezi wa Novemba, mbwa wanachimba udongo watafute ubaridi, mimi meno yanagongana! Homa sina, Hosiana amenigusa paji la uso. Nimevaa sweta la baridi ya Tukuyu, lile la sufu.

Hosiana anasema hii ni pumzi ya watu. Eti mtu akikosea majirani, hawamgombezi. Wanamnong'ona vifuani mwao, na mnong'ono ukizidi unamwingia mwilini kama upepo wa baridi. Bibi yake alimwona mtu aliyekufa nayo akiwa amekaa jikoni, kando ya moto. Dawa yake ni moja: uende kwa uliowakosea, uliseme kosa kwa mdomo wako, uchinje ng'ombe mle pamoja. Nimemwambia mimi ni Mkristo, na pia ni mkurugenzi. Akaniuliza ni kipi kati ya hivyo kinachozuia baridi. Sikupenda alivyouliza.

Mlangoni: kopo la rangi, betri tatu za redio, sahani ya bati. Nimetazama daftari la safari za trekta. Vitu vinarudi kwa mpangilio. Vya mwisho kutupwa vinatangulia kurudi. Huyu ni Nelson. Nelson ana wivu na ana wakati.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimemtega. Adhuhuri, wakati Kyela nzima imelala kwa joto, nikajificha nyuma ya pazia. Hatua tatu kutoka mlangoni. Uwanja niliufagia mwenyewe ili nyayo zionekane. Nikakodoa macho. Hakuna mtu, hakuna kuku, hata majani ya mgomba hayakutikisika. Nikapiga chafya moja. Sweta linawasha. Nilipofumbua macho, ndoo isiyo na kitako ilikuwa kizingitini, bado inatiririka maji ya kuoshewa.

Nikatoka mbio. Barabara nyeupe, tupu, pande zote mbili. Nyayo zilikuwapo. Zinakuja kutoka upande wa Bujonde hadi mlangoni. Zinazorudi hakuna. Nikainama kuziangalia. Kiatu cha kulia hakina kisigino. Viatu hivyo ni vyangu. Nilivitupa kichakani mwezi wa tatu.

Nikaingia ndani nikafunga mlango. Naandika nikiwa nimejifunika blanketi, na jasho halinitoki. Nimeogopa. Nelson hawezi kuwa na miguu ya ukubwa huu.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani. Watu wote walinisalimia vizuri mno. Hakuna aliyekaa kwenye benchi langu. Wakati wa sala ya kimya, kimya hakikuwapo; kulikuwa na mvumo wa chini, wa vifuani, watu wote midomo imefungwa. Nilimtazama mchungaji. Alikuwa ameinamisha kichwa. Baridi ikanishika magoti, nikashindwa kusimama kwa wimbo wa kufunga.

Nje, Nelson akanipa pole ya malaria mbele ya diwani. Akasema mzoa taka mgonjwa ni hatari kwa mji. Na tai yake! Nikamjibu kwamba ninafadhili chuo kikuu. Diwani akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Moja kwa sifuri.

Baada ya chakula nikaingia stoo kuwaangalia samaki. Chupa sita ziko rafuni. Katika chupa nne vifaranga wanaogelea wanavyotaka. Katika chupa ya IKOLO na ya BUJONDE wametulia, kumi na kumi, vichwa vyote upande wangu. Nikasogea kushoto. Vichwa vikasogea. Nimetoka bila kuzima taa.

Paka bado mzima. Nadhani amenenepa.

Jumatatu, 11 Novemba

Sijui niandikeje.

Asubuhi Dada Kisa aliniita stoo. Chupa nne, samaki wazima. Chupa mbili, ishirini, wote wamepinduka tumbo juu. BUJONDE na IKOLO. Akasema ni sumu ya mashambani, kali, na lazima visima vyote viwili vifungwe leo hii. Mimi nikaanza kupanga la kusema. Bujonde, sawa, nilitegemea. Hapana, sikutegemea, Bujonde niliibadilisha. Bujonde ni maji ya mama. Na Ikolo ni maji ya mama. Mimi si mtu wa kukimbilia mawazo. Hili lilikuja polepole na likanikuta nimesimama. Chupa zote mbili ni maji ya mama.

Nikapiga kelele. Nikamwambia Dada Kisa kila kitu, kubadilisha chupa, baiskeli, dumu, sijui kama maneno yalifuatana. Hakunigombeza. Alishakimbilia kwenye trekta.

Njia ya Ikolo ilikuwa na kiza, saa nne asubuhi. Kungu walikuwa wamepanda kutoka ziwani, wale wadudu wadogo wanaokuja kama moshi na kuziba jua. Kila nyumba wanawake walikuwa nje na vikapu wakiwakinga, maana siku ya kungu ni siku ya kitoweo, wanafinyangwa mikate wakaliwa na ugali. Hata hivyo hapakuwa na vicheko wala makelele ya kawaida. Tulipopita waliacha kukinga, wakatutazama.

Uani kwa mama, kungu walikuwa wamelala chini, weusi, wamekufa kabla ya kukingwa. Duara zima kuzunguka kisima. Hakuna jirani aliyeingia na kikapu. Nyuma ya migomba, juu kidogo ya kisima, yalipangwa mapipa kumi na mawili. Yangu. Yamefunikwa majani makavu ya mgomba, kwa adabu, kama akiba ya mtu. Mawili yalikuwa yanavuja.

Mama alikuwa amekaa mlangoni na kata ya maji mkononi, anaipeleka mdomoni, mkono unakataa. Nikaipiga ile kata ikaruka. Sijawahi kuinua mkono mbele ya mama yangu. Nikamkumbatia nikalia, akaniuliza kwa nini nimevaa sweta.

Jumatano, 13 Novemba

Mama yuko hospitali. Anatetemeka kidogo tu sasa, na ameanza kulalamikia uji, dalili njema. Daktari amesema wiki mbili zaidi tungekuwa tunaongea mengine. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya wodi mpaka nikaweza kurudi.

Mama amenisimulia. Walikuja baada ya mvua za masika, wanaume kumi na wawili wa Bujonde, Hezroni mbele, kila mmoja na pipa lake kichwani. Mchana kweupe. Walimsalimia, wakamuuliza hali ya miguu, wakasema: hivi ni vitu vya mwanao, alivisahau kwetu, na sisi hatukai na kitu cha mtu. Mama akawashukuru, akawafungia mkungu wa ndizi. Wakamwambia amwambie mwanawe vingine vitafuata. Mama alinitumia habari mara tatu. Nakumbuka sasa. Nilikuwa na shughuli.

Dada Kisa amekwenda Bujonde mwenyewe, kwa miguu, na chupa mpya. Samaki wanaogelea. Kisima cha Bujonde ni kisafi kuliko vyote sita. Paka alijua.

Ijumaa, 22 Novemba

Matokeo. Nelson ameshinda. Amepewa mji wote, yeye na ng'ombe zake.

Dada Kisa ameondoka na basi la asubuhi. Kabla ya kuondoka alinionyesha ukurasa wa kwanza, kama tulivyokubaliana. Ameandika: "Shukrani kwa Kampuni ya Ng'arisha Bondeni, iliyotoa usafiri, chumba, chakula, na sumu iliyochunguzwa." Nikamwuliza kama lile neno la mwisho haliwezi kuondolewa. Akasema mtafiti hawezi kuficha mchango wa mfadhili. Nakala moja amempa mwenyekiti wa halmashauri. Ina mhuri!

Halmashauri imeniamuru niyapeleke mapipa kwenye ghala la serikali Mbeya, kabla ya Jumamosi ijayo. Tumeyavika nailoni, tukayapakia kwenye tela. Tela liko uani kwangu, karibu na bomba, chini ya dirisha la chumba cha mama. Mama amehamia kwetu. Kisima chake kimefukiwa. Aliomba aagane nacho, akakiambia maneno ya Kinyakyusa ambayo sikuthubutu kuyasikiliza.

Hosiana amerudia: Bujonde, kosa kwa mdomo, ng'ombe mmoja. Nimemwambia nalifikiria.

Jumapili, 24 Novemba

Nimelifikiria. Nimetulia sasa, akili imerudi.

Kwanza, kuhusu Mbeya. Ni mbali, tena ni kupanda mlima mtupu mpaka Tukuyu. Trekta litakufa njiani, na mapipa kumi na mawili yaanze kuviringika kurudi Kyela. Huo nao ni uharibifu wa mazingira. Pili, kuhusu Hezroni. Kosa langu nimeliona. Niliyaweka mapipa upande wa barabarani, ambako kila mtu aliniona nikiyashusha. Kichaka kile kina upande wa nyuma. Kimya, kivuli kizuri, hakuna anayelima. Nikiyafunika vizuri nani atajua? Halafu mwakani namwandikia Dada Kisa, nafadhili utafiti wa pili, wa udongo. Samaki hawawekwi kwenye udongo.

Nimemdokeza mama wakati wa chai. Hakupandisha sauti. Aliweka kikombe chini, akaniuliza: safari hii wakirudisha, wataleta wapi? Maana yeye yuko hapa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hapa uani nafasi ipo tele, hata karibu na bomba. Mama akaanza kunong'ona, midomo imefungwa, na Hosiana jikoni akaupokea ule mnong'ono. Wanawake! Nimeongeza sweta la pili.

Mchana huu hapakuwa na chochote mlangoni isipokuwa viatu. Vile vyangu vya zamani. Vimeoshwa, vimepigwa dawa ya viatu, vimepangwa sambamba, vidole vikielekea ndani. Nimevijaribu. Cha kulia hakina kisigino, lakini vinanitosha vizuri kuliko nilivyokumbuka, na ndani vina joto, kana kwamba mtu amevivua sasa hivi. Ni mara ya kwanza tangu Ijumaa ile baridi iliponianza kusikia joto miguuni.

Sivivui. Nitavivaa kesho nikienda Bujonde na tela.